Upepo wa mpira na viwanja vyetu vya Dodoma

Karibu mwaka mzima nilimkaripia mtoto mmoja wa Kizota, hapa Dodoma, kwa kosa ambalo halikuwa lake. Alikuwa winga wa kushoto, miaka kumi na mmoja, mwepesi, mwenye jicho la kuona nafasi kabla beki hajageuka. Lakini pasi ikimfikia, mpira unamgonga mguuni na kuruka mita tatu mbele, au unamdundia hadi kifuani na kutoka nje. "Tuliza mpira! Mguu wako ni wa mbao?" Nilisema hivyo mbele ya wenzake, na wenzake wakacheka.

Baadaye akaacha kuja mazoezini. Siku moja nikakutana na mama yake soko la Majengo, anachagua nyanya. Tukasalimiana, nikamuulizia kijana. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, anasema mpira wenu unauma." Nikaaga nikiamini mtoto amejitafutia kisingizio. Mpira unaumaje? Ilinichukua miezi kuelewa kwamba lile lilikuwa neno la maana kuliko yote niliyoambiwa tangu nianze kufundisha watoto soka.

Uwanja wetu uko pembezoni mwa Nkuhungu. Wanaoijua Dodoma watauona hata wakifumba macho: udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya miaka mingi, changarawe ndogondogo juu yake, na kuanzia Juni, mvua ikishasahaulika, ardhi inakuwa ngumu kama sakafu. Upande mmoja kuna korongo linalopitisha maji kati ya Desemba na Aprili, na kila mwaka linatuachia kichanga kinachomeza kiatu hadi kwenye kifundo. Kwa hiyo uwanja mmoja una tabia mbili. Katikati na wingi ya kushoto mpira unadunda kama uko kwenye saruji. Wingi ya kulia unakufa kama umeangukia gunia la pumba.

Mipira sita tuliyokuwa nayo niliinunua Kariakoo, Dar es Salaam, kwa michango ya wazazi, yote saizi namba 5. Muuzaji aliijaza pale pale, akaupiga mmoja kwa kiganja, ukalia kama debe. "Mpira mgumu ndio mpira mzuri, mwalimu." Nikakubali, maana hata mimi ndivyo nilivyokua nikiamini. Tuliocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na nailoni tulipoona mpira wa dukani, kitu cha kwanza kutushangaza kilikuwa ule ugumu na ile sauti. Ugumu ulikuwa ndio alama ya mpira wa kweli.

Nikaipakia kwenye basi. Tukapita Morogoro, tukapanda Gairo, jioni tuko Dodoma. Kesho yake watoto wakaanza kuicheza.

Aliyenifungua macho wa kwanza ni fundi viatu. Mpira mmoja ulikuwa umeachia mshono baada ya wiki tatu tu, nikampelekea. Mzee yule huwa hana haraka. Aliuweka mapajani, akausikiliza kwa vidole gumba viwili, kisha akachukua mwingine niliokuja nao, mzima, akaubonyeza vile vile. Haukubonyea hata kidogo.

"Mwalimu, hii unaijaza wapi?"

"Kwa fundi pancha, mzee. Pale kwenye bodaboda."

"Basi umeijaza kama tairi la Fuso. Uzi haukatiki kwa teke, mwanangu. Unakatika kwa upepo."

Alisema kweli tupu. Kompresa ya fundi pancha ina geji ya kupimia matairi, ambayo mshale wake hauamki vizuri kwenye namba ndogo za mpira wa miguu. Tairi la pikipiki linataka takriban 30 kwa psi, kipimo cha msukumo wa hewa. Mpira wa miguu unataka kati ya 8.5 na 15.6, na kwa watoto ni kule chini zaidi. Fundi pancha akibonyeza sekunde moja ya ziada, tayari umepita. Nilirudi nyumbani nikaangalia pembeni ya valvu, mahali nilipopaangalia mara mia bila kusoma. Palikuwa na chapa ndogo: 0.6 hadi 0.8, kwa kipimo cha bari, na bari moja ni karibu psi 14.5.

Nikatafuta geji ya mipira, ile ndogo ya kuchomeka sindano. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya timu ya watoto, usinunue bibu wala koni. Nunua geji. Nilipoichomeka kwenye mpira wa kwanza ilisoma 1.2. Wa pili 1.1. Watoto wa miaka kumi na mmoja walikuwa wanapiga na kutuliza mawe, juu ya ardhi ngumu, wengi wao wakiwa na raba nyepesi au peku.

Mwalimu mwenzangu wa fizikia, nilipomsimulia, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alinieleza jambo ambalo kila anayeleta mipira kutoka pwani inampasa alijue. Geji haipimi upepo wote ulio ndani ya mpira, inapima tofauti kati ya kanieneo, yaani msukumo wa hewa, ya ndani na ya nje. Dar es Salaam iko usawa wa bahari. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu yake, na hewa ya huku inakandamiza pungufu kwa takriban asilimia 12. Mpira uliojazwa Kariakoo ukasoma 0.7, ukishuka nao stendi ya Dodoma utasoma zaidi ya 0.8 bila mtu kuugusa. Sheria za soka zenyewe, kwenye Kanuni ya 2, zinaposema mpira uwe na kati ya 0.6 na 1.1 kwa kipimo cha angahewa, ambacho ni karibu sawa na bari, zinataja wazi kwamba ni usawa wa bahari. Nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo kwenye kozi ya ukocha na kuyapita maneno hayo kama pambo.

Kisha kuna jua. Hili nililipima mwenyewe mwezi wa saba, wakati asubuhi za Dodoma zinakuwa na baridi ya kuvaa sweta. Saa kumi na mbili na nusu nilijaza mpira ukasoma 0.7. Nikauacha juu ya udongo, pasipo kivuli. Saa nane mchana nikaurudia, ngozi yake ikiwa ya moto kiasi cha kuuhamisha mkono: 0.9. Hakuna aliyeongeza kitu. Hewa ile ile imepata joto, ikataka nafasi, ikaikosa. Tangu siku hiyo mipira yetu inakaa chini ya mwarobaini, ndani ya gunia la katani, na tunaipima mazoezi yanapoanza, kamwe si nyumbani.

Jumamosi iliyofuata nilifanya jambo ambalo ningelifanya miaka mingi nyuma kama ningelijua. Shirikisho la dunia, FIFA, linapopima mipira huiangusha kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma na kuangalia inarudi umbali gani. Mpira wa daraja la juu hurudi kati ya sentimita 135 na 155. Mimi sina bamba la chuma. Nilichukua ubao mrefu, nikauchora mistari kwa mkaa kila baada ya sentimita 10 hadi 200, nikauzungusha uwanjani na watoto wawili, mmoja anaushika ubao na mwingine anasoma mstari. Mimi nikawa naangusha mpira.

Katikati ya uwanja, mpira wenye 0.9 ulirudi hadi 130. Hiyo ni kidevuni kwa watoto wangu wengi. Fikiri mtoto anayepokea pasi ndefu, mpira unadunda mbele yake na kumpandia hadi kidevuni, na sisi tunamfokea atulize. Nikaingiza sindano, nikaachia upepo, psss, hadi 0.6. Ukarudi hadi 110 na kitu. Tofauti inaonekana ndogo kwenye ubao, lakini mlio wake ulibadilika kabisa. Wa kwanza ulikuwa "ta!", mkavu. Wa pili "dup", kama mtu anayeweka mzigo chini taratibu. Mpira laini unakaa kwenye mguu kitambo kirefu zaidi, na katika kitambo hicho mtoto anapata nafasi ya kuurudisha mguu nyuma na kuupokea. Mgumu umeshaondoka kabla hajaanza kufikiri.

Kwenye kichanga mambo yakageuka. Wenye 0.6 uliangukia mchangani ukabaki pale pale, haukufika hata mstari wa 30. Wenye 0.8 ulijitahidi kidogo, na ukiusukuma kwa mguu ulikuwa unatembea juu ya mchanga badala ya kuukumbatia. Kwa hiyo uwanja wetu hauna upepo mmoja ulio sahihi. Tulichokubaliana ni 0.65 kwa mechi za kiangazi, kwa kuwa robo tatu ya mchezo iko kwenye ardhi ngumu, na kule mchangani winga wa kulia afundishwe kuinua mpira badala ya kuuburuza. Juu ya chapa ya kwenye valvu hatupandi hata kama kanuni inaruhusu 1.1, kwa sababu mshono ni wa huyo aliyeushona na ndiye anayejua unabeba nini. Chini ya 0.6 nako hatushuki. Mpira unalegea, unabonyea kwenye kidole gumba, na mtoto akipiga kwa nguvu anaumia yeye.

Kuhusu saizi nitasema kwa ufupi kwa sababu halina mjadala. Watoto wa chini ya miaka 12 wapewe namba 4, mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66 na uzito wa gramu 350 hadi 390. Namba 5 ni gramu 410 hadi 450. Tunawapa namba 5 kwa sababu ndiyo iliyoko dukani, na kwa sababu wenyewe wanaitaka wajione wakubwa. Hakuna sababu nyingine, na hizo mbili hazitoshi.

Kitu kilichobadilisha mazoezi yetu kuliko vyote ni mpira ambao haukutengenezwa kwa ajili ya uwanja wa nje hata kidogo. Mwenzangu mmoja alinipa mpira wa futsal uliokuwa umelala stoo. Una mzingo wa sentimita 62 hadi 64 lakini uzito wake ni gramu 400 hadi 440, na umeundwa makusudi usidunde: ukiuangusha kutoka mita 2 unapaswa kurudi sentimita 50 hadi 65 tu. Futsal huchezwa kwenye sakafu ngumu ya ndani. Na uwanja wetu mwezi wa tisa ni nini kama si sakafu ngumu, iliyopakwa vumbi? Nikautupa katikati ya duara la watoto wanane, nikakaa pembeni. Kwa dakika ishirini hakuna aliyeukimbiza mpira nje. Pasi zilikuwa zinatembea chini, watoto wakaanza kuinua vichwa kumtafuta mwenzao, kwa sababu macho hayakuhitaji tena kuulinda mpira. Watoto wale wale, ardhi ile ile. Nilikaa pale nikawaza juu ya kijana wa Kizota, na sikujisikia vizuri.

Unaharibika haraka kwenye changarawe, hilo nalisema mapema. Ngozi yake ilianza kumenyeka mwezi wa pili.

Hapo ndipo panapoanza shida ya kuchagua mpira kwa mikoa yetu ya kati. Ule wenye ngozi laini ya PU, plastiki inayofanana na ngozi, unapendeza mguuni lakini changarawe inautafuna. Ule wa PVC, plastiki ngumu yenye kung'aa, unadumu lakini unapiga watoto makofi. Wa raba tupu wa bei ya chini unaruka kama chura. Baada ya kununua vibaya mara nyingi, nimetulia kwenye mpira ulioshonwa kwa mkono, vipande 32, vile vya pembe tano 12 na vya pembe sita 20, wenye sponji nene chini ya ngozi. Mingi ya aina hii hushonwa Sialkot, Pakistan. Sababu yangu ni mzee fundi viatu. Mpira ulioshonwa ukiachia uzi, anaufungua, anautengeneza, anaufunga. Ule uliogandishwa kwa gundi na joto, wa kisasa, ukiachia ndio basi.

Na huyo fundi atapata kazi mara nyingi, kwa sababu ya mbigili. Mvua zikiisha, mimea yake inakauka na kuacha miiba ya pembe tatu chini, na Mei hadi Juni hakuna tairi la baiskeli wala bleda, mfuko wa ndani ya mpira unaoshika upepo, iliyo salama. Mazoezi yetu miezi hiyo yanaanza na kufagia kwa matawi, watoto wamepanga mstari kutoka goli hadi goli. Bleda ya butili, raba kama ya tyubu, fundi anaibandika kiraka kama tyubu na inashika upepo kwa wiki kadhaa. Ile ya latexi, raba ya asili, ni laini zaidi mguuni, lakini inapumua yenyewe, kesho kutwa umepungukiwa. Na sindano, tafadhali, isiingie kavu. Dodoma hakuna nyumba isiyo na gliserini wakati wa kiangazi, kwa midomo na visigino. Tone moja kwenye valvu, tone moja kwenye sindano, valvu haipasuki.

Mvua ilitufundisha kwa uchungu zaidi. Februari moja tulikwenda kucheza Bahi, kwenye udongo mweusi, ule ukilowa unashika kiatu na kukataa kukiachia. Mpira wetu wa kushonwa ulikunywa maji kipindi chote cha kwanza. Dakika chache kabla ya mapumziko, beki wangu aliruka akapiga kichwa mpira wa kona. Alitua kwa miguu, akasimama, kisha akakaa chini taratibu akiwa ameshika paji la uso. Nilikimbia. Aliniambia anaona "nyota nyota." Nikamtoa, sikumrudisha, na jioni ile ile tukampeleka zahanati akaangaliwe, alikuwa salama. Kabla ya kuondoka nilikwenda kwenye duka la jirani, nikaomba kuweka mpira kwenye mizani ya sukari. Ulisoma gramu 540. Asubuhi ulikuwa 430. Nyongeza ya gramu mia na kumi juu ya kichwa cha mtoto, kwa sababu maji yaliingia kwenye matundu ya uzi na sponji ikayahifadhi.

Kwa hiyo nimelazimika kukubali kitu ambacho moyo wangu hautaki: msimu wa mvua tunatumia mmoja wa gundi, usio na matundu ya uzi, ingawa hautengenezeki. Ukianza kuwa mzito hata hivyo, tunaubadilisha katikati ya mechi. Na siku ya matope watoto wangu hawapigi kichwa. Mwamuzi na kocha mwenzangu huwa nawaambia kabla, na mpaka leo hakuna aliyekataa.

Ile mizani ya duka iliniachia tabia ya kupima. Niligundua baadhi ya mipira ya bei rahisi ina gramu 380 tu ingawa imeandikwa namba 5. Kwenye upepo wetu wa Agosti na Septemba, ule unaonyanyua vumbi hadi huoni goli la pili, mpira mwepesi unapigwa kwenda mbele na kurudi kwa kipa wako mwenyewe. Miezi hiyo naleta ule wa 445.

Mara moja tu tulibahatika kucheza kwenye nyasi, nilifurahi mno nikasahau kila nilichojifunza. Mpira ulikuwa na 0.65 yetu ya kawaida. Watoto walipiga pasi kwa nguvu ya nyumbani, na kila pasi ilifia njiani, nusu mita kabla ya kufika. Walitazamana kama waliopotea njia. Wakati wa mapumziko tukajaza hadi 0.8, nikawaambia nyasi zinakula mwendo, ongezeni mguu. Kipindi cha pili walicheza mpira wao.

Kijana wa Kizota nilimfuata nyumbani. Mama yake alinipa kigoda, akamwita. Nikamwambia mbele ya mama yake kwamba mpira ulikuwa unauma kweli, kwamba nimeupima, na kwamba nilikosea kumsema. Hakujibu. Nilikuwa nimebeba ule wa futsal, nikausukuma kwake pale uani. Akautuliza kwa unyayo, mara moja, akaurudisha. Jumamosi akaja.

Sasa yuko sekondari na anacheza kiungo. Juzi tulikuwa Kongwa, uwanja ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Wenzake walipokuwa bado wanavaa njumu, yeye alichukua mpira na geji kwenye begi bila kuulizwa, akatembea peke yake hadi kila kona, anauangusha kutoka usawa wa paji la uso, anautazama unavyorudi, anasogea. Kisha akaja nilipokaa.

"Mwalimu, katikati ni pagumu kuliko kwetu. Kona ya kule kwenye mbuyu haurudi kabisa. Tuache 0.6?"

Nikampa sindano.